Kibaha hadi Posta kwa gari lako: panga kuanzia mwisho

Kutoka Maili Moja, Kibaha, hadi Posta ni kama kilomita 40 tu. Usiku wa manane, barabara ikiwa tupu, hata saa nzima haiishi. Asubuhi ya Jumatatu kilomita hizo hizo zinaweza kukumalizia saa mbili na zaidi, ukafika umechoka kuliko aliyetoka Morogoro. Kwa hiyo mtu akikwambia "mjini si hapo tu," muulize kwanza: saa ngapi?

Mwongozo huu ni wa anayeishi Kibaha, Kiluvya, Kibamba au Mbezi, mwenye gari lake, asiyekwenda mjini kila siku, na kesho ana jambo: miadi Muhimbili, usaili Posta, kesi Kisutu, mzigo Kariakoo. Wanaokwenda kila siku wana mbinu zao, na baadhi hazifai kuandikwa.

Hatua ya kwanza: gari litashinda wapi?

Wengi hupanga safari kuanzia mlangoni kwao kwenda mbele: nitatoka saa fulani, nitapita njia fulani, nikifika nitatafuta pa kuweka gari. Hapo kwenye "nitatafuta" ndipo nusu saa inapopotelea, unazunguka mitaa ya njia moja huku simu inaita na uliyeahidiana naye anauliza umefika wapi. Geuza mpango. Jua kwanza gari litashinda wapi, halafu rudi nyuma hadi nyumbani.

Kama unakwenda ofisini kwa mtu, mpigie leo, usingoje kesho: "Samahani bosi, hapo kwenu kuna paking ya wageni?" Majengo mengi marefu ya Posta yana maegesho ya chini au ya ghorofani, lakini nafasi nyingi ni za wapangaji wa jengo. Mlinzi akiwa na jina lako getini, umepona. Asipokuwa nalo, utaambiwa rudi nyuma, na nyuma yako tayari kuna magari matatu.

Maegesho ya kando ya mtaa yako chini ya TARURA, taasisi ya serikali ya barabara za mijini na vijijini. Wakala anapita na kifaa chake, anaingiza namba za gari, na deni linakwenda kwenye mfumo. Unalipa kwa simu ukitumia namba ya malipo, hivyo huna sababu ya kumwekea mtu noti mkononi. Lipa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu deni likikaa linazaa faini, na wengi wanakuja kukumbana nalo siku wanapouza gari. Yule kijana anayekupungia kitambaa, "lete, lete, lete, kata kushoto, hapo hapo mzee!", ni mtu mwingine kabisa. Ukimpa chochote ni shukrani yako tu, haigusi deni la TARURA.

Kwa anayekwenda Muhimbili, ukishavuka Jangwani unafika mataa ya Faya na kukata kushoto kushika Barabara ya Umoja wa Mataifa. Fika mapema, maana hospitali inajaa kabla ya saa mbili, na hapo wanaotangulizwa ni wagonjwa, inavyostahili. Kama unampeleka mgonjwa asiyeweza kutembea, nendeni wawili: mmoja ashuke naye mlangoni, mwingine abaki na usukani.

Kwa Kariakoo ushauri wangu ni mfupi: usiingie na gari. Kulia kwa Faya unaingia Barabara ya Msimbazi, na baada ya mita chache uko katikati ya mikokoteni, maguta, wamachinga na pikipiki zilizobeba marobota ya vitenge. Liweke Upanga au upande wa Mnazi Mmoja, umalizie kwa miguu au bajaji. Mzigo mkubwa utafutie kirikuu ya kuuleta mpaka kwenye gari. Utalipa kidogo, lakini pembe za gari lako zitarudi nyumbani zikiwa nzima.

Kuna pia njia ya kuliacha gari njiani. Kama uko peke yako na huna mzigo, tafuta sehemu yenye mlinzi karibu na Kimara Mwisho, uliache, na umalizie kwa mwendokasi hadi Kivukoni au Gerezani. Basi likishaingia kwenye njia yake linakupita wewe na foleni yako. Tatizo ni kulipanda: asubuhi msururu wa Kimara unaweza kuwa mrefu kuliko subira yako. Uliza pia kama huduma inakwenda kama kawaida siku hiyo kabla hujaliaga gari. Kwa safari ya saa nne asubuhi napenda mpango huu. Kwa safari ya saa kumi na mbili asubuhi na mtoto mgongoni, sikushauri.

Hatua ya pili: chagua saa

Ukishajua gari litashinda wapi na unatakiwa ufike saa ngapi, hesabu kurudi nyuma. Foleni ya kuingia mjini huanza kukaza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kulegea baada ya saa tatu. Ya kutoka huanza kama saa kumi jioni, na siku nyingine inafika saa mbili usiku bado imeshikana. Kwa hiyo una milango miwili: uwe umepita Ubungo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, au utoke nyumbani saa tatu na nusu. Kutoka saa kumi na mbili na nusu ndiko kubaya kuliko kote; umechelewa kuwahi, na umewahi mno kuchelewa.

Miadi ikiwa saa tatu kamili, huna ujanja: toka alfajiri, fika mjini saa kumi na mbili na nusu, unywe chai na chapati Posta taratibu. Hiyo chai ina faida kuliko kulala nusu saa zaidi na kukaa saa moja Manzese.

Halafu kuna jua, ambalo madereva wa upande huu wanalijua ila hawalisemi. Kibaha iko magharibi ya jiji. Asubuhi unakwenda mashariki, jua linakupiga usoni. Jioni unarudi magharibi, linakupiga usoni tena. Mteremko wa Kimara saa moja asubuhi, kioo kikiwa na vumbi, unaweza usiyaone kabisa mataa ya breki ya gari la mbele. Osha kioo cha mbele ndani na nje usiku uliotangulia, na miwani ya jua iwe mahali unapoweza kuifikia.

Angalia pia kalenda. Ijumaa kuanzia saa sita mchana, mitaa yenye misikiti Kisutu, Kariakoo na Magomeni inajaa magari na waumini. Simba na Yanga wakicheza Uwanja wa Benjamin Mkapa, Barabara ya Mandela upande wa Temeke si ya kupita jioni hiyo. Wakati wa maonyesho ya Sabasaba, mwishoni mwa Juni na nusu ya kwanza ya Julai, Barabara ya Kilwa nayo hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, kila mtu ana shughuli mjini. Na msafara wa kiongozi hautangaziwi: utaona tu trafiki amenyoosha mkono, na hapo utasimama mpaka upite. Ongeza nusu saa ya msafara kwenye hesabu zako hata kama hautatokea.

Hatua ya tatu: gari, usiku kabla

Foleni inaua gari kuliko mwendo. Kwenye njia nzuri upepo unapooza injini; Manzese saa mbili asubuhi hakuna upepo, kuna feni tu. Cheki maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi, cheki oili, washa gari na usikilize kama feni inazunguka. Ukiwa kwenye foleni na mshale wa joto ukaanza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho (ndiyo, utaungua, vumilia) na tafuta pa kusogea pembeni. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe. Kuna watu wana makovu usoni kwa kukosa dakika ishirini za subira.

Upepo wa tairi, na wa tairi la akiba pia. Jeki na spana viwepo. Waipa zifute, zisikwangue. Indiketa na taa za breki ziwake zote. Mwombe mtu asimame nyuma wakati unakanyaga. Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto usioisha muda, bima hai, leseni mkononi. Angalia kwenye mfumo wa polisi kama namba za gari lako zina deni la faini, kwa sababu askari akikusimamisha ataangalia kabla ya salamu. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, nayo pia inalipwa kwa namba ya malipo.

Mafuta weka jioni. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo ukisikia minong'ono ya bei kupanda, jaza Jumanne. Kwenda na kurudi kilomita 80 si nyingi, lakini saa mbili za kuunguruma umesimama zinakunywa mafuta vizuri sana. Robo tenki haitoshi kwa mtu asiyejua foleni itakuwaje.

Na haja umalize nyumbani. Kati ya Kimara na Magomeni hakuna pa kuchepuka kirahisi.

Hatua ya nne: njia, na sehemu tatu za kuamua

Kutoka Maili Moja barabara ni raha: kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilipanuliwa kuwa njia nane. Raha hiyo ndiyo inayoponza. Vibao vya kilomita 50 kwa saa viko kwenye makazi, na askari wa tochi wanajua dereva anasahau wapi. Tochi tuiweke kando: Kiluvya na Kibamba watoto wa shule wanavuka njia zote hizo kwa miguu, na aliyesimamishiwa na gari la kwanza anaweza kugongwa na la pili. Ukiona gari la jirani limesimama kwenye zebra, simama nawe, hata kama humwoni anayevuka.

*Mbezi Mwisho* ndipo pa kwanza pa kuamua, na wengi wanapapita bila kufikiri. Kituo Kikuu cha Magufuli kilipofunguliwa Februari 2021, mabasi ya mikoani yalihamia hapa kutoka Ubungo, kwa hiyo tarajia mabasi marefu yanayoingia na kutoka. Angalia ramani ya simu ukiwa umesimama, kabla hujafika. Una chaguo tatu.

Ukinyooka, unakwenda Kimara na Ubungo. Ndiyo njia fupi kwa Posta, Faya na Muhimbili.

Ukikata kushoto, unashika Goba kwa lami. Goba inakutoa Tangi Bovu kwenye Barabara ya Bagamoyo, au kupitia Makongo unatokea maeneo ya Chuo Kikuu na Mwenge. Kama shughuli yako iko Mikocheni, Masaki au Oysterbay, hii ndiyo yako. Kushuka Ubungo kwanza ni kujitafutia. Barabara ina milima na kona, na nyumba ziko karibu na lami, kwa hiyo usiendeshe kana kwamba bado uko kwenye njia nane za Kibaha.

Ukikata kulia, unashika Malamba Mawili hadi Kinyerezi, kisha Segerea na Tabata, au unanyooka mpaka Banana kwa anayekwenda uwanja wa ndege. Anayewahi ndege kutoka Kibaha hana haja kabisa ya kuiona Ubungo.

*Kimara hadi Ubungo* njia nane zinaisha, unabaki na njia mbili upande wako na za mwendokasi katikati. Hapo ndipo foleni ya asubuhi inapozaliwa. Magari yote ya barabara pana yanataka kupenya pembamba. Ingia kwenye njia yako mapema na ubaki nayo. Wa kuchomekea watachomekea. Mwache apite, mtakutana kwenye mataa ya mbele. Njia ya mwendokasi usiiguse hata kama imekaa tupu na pikipiki tatu zimekutangulia. Na kukata kulia si popote, ni kwenye makutano yaliyoruhusiwa tu, kwa hiyo jengo unalokwenda likiwa ng'ambo, jua mapema utageuzia wapi.

Ramani ya simu itakushawishi uingie vichochoro vya Kimara na Sinza. Kiangazi, kwa anayevijua, sawa. Kwa mgeni, programu haijui kwamba mtaa una mtaro ulio wazi na mwenye msiba amefunga njia kwa maturubai.

*Ubungo* ni pa pili pa kuamua. Makutano ya Kijazi, yaliyozinduliwa mwezi huo huo wa Februari 2021, yana barabara za ngazi tatu, ingawa konda bado anaita "Ubungo mataa." Soma vibao kabla ya kupanda au kubaki chini, kwa sababu ukikosea hakuna kurudi nyuma, utakwenda ulikopelekwa. Kushoto ni Sam Nujoma kwa Mwenge. Kulia ni Mandela kwa Mabibo, Tabata, Buguruni na TAZARA, nayo imejaa malori ya bandarini yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori lililopakia haliwezi kusimama kama gari lako dogo, basi usijiingize mbele yake kwa sababu tu umeona upenyo.

Kwenda mjini unanyooka: Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni. Manzese funga vioo na uiweke simu mbali na dirisha. Si kwamba watu wa Manzese ni wabaya. Ni kwamba gari lililosimama na simu iliyoning'inizwa kwenye dirisha wazi ni kishawishi popote duniani.

*Magomeni*, kwenye makutano na Barabara ya Kawawa, ni pa mwisho pa kuamua, na uamuzi wake unategemea mvua: kukiwa kukavu unanyooka Jangwani, kukiwa na mvua ni heri uwe umeshaamua tangu Ubungo.

Hatua ya tano: kama imenyesha

Bonde la Jangwani, kati ya Magomeni na Faya, ndiko Mto Msimbazi unakopita, na mvua kubwa za masika au vuli zikishuka maji hupanda barabarani na polisi hufunga njia. Mvua ya kukujaza Jangwani si lazima inyeshe Jangwani. Inaweza kunyesha Kisarawe na Pugu usiku kucha, wewe Kibaha ukaamka kukavu. Kabla ya kutoka, sikiliza redio ya asubuhi au mpigie mtu wa Magomeni.

Jangwani ikifungwa, usifuate wanaokimbilia Kawawa bila kuuliza: kushoto kuna bonde la Mkwajuni na kulia kuna Kigogo, na zote mbili hushika maji siku hizo hizo. Amua ukiwa bado Ubungo. Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo hadi Morocco na Ali Hassan Mwinyi mpaka Daraja la Salender, ni mzunguko mrefu lakini una madaraja ya juu. Ukifika upande wa Oysterbay unaweza pia kuchukua Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022. Linavuka bahari kwa zaidi kidogo ya kilomita moja na kukushusha karibu na Hospitali ya Aga Khan. Mara nyingi ni jepesi kuliko Salender.

Maji yaliyofunika lami yenye mkondo usiyapimie kwa gari la aliyetangulia. Yeye ana gari refu, au ana bahati. Dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114.

Hatua ya sita: kurudi

Watu hupanga kwenda, kurudi wanamwachia Mungu. Ukimaliza shughuli saa nane, ondoka saa nane, usikubali "tupitie mahali mara moja." Ukipita Magomeni kabla ya saa tisa na nusu, utakula chakula cha jioni mezani kwako. Ikishafika saa kumi na moja, ni afadhali ubaki: swali, kula, nenda Coco Beach ukale mihogo, uondoke saa mbili kasoro.

Kabla hujawasha gari, kagua tairi na saiti mira, na kuanzia mjini hadi Ubungo usitarajie kuokoa chochote kwa ubabe.

Kuanzia Kimara, barabara ikifunguka, mguu unakuwa mzito wenyewe. Usiku kuna bodaboda zisizo na taa za nyuma, wanaovuka wamevaa nguo nyeusi, na malori yaliyoharibika yakaachwa njiani. Mara nyingi alama pekee ya lori hilo ni matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami mita chache kabla yake. Ukiona majani barabarani kati ya Kibamba na Kiluvya, hayakuangushwa na upepo: punguza mwendo hapo hapo, angalia kioo, washa indiketa, na hama njia kabla hujaliona lori lenyewe.